Macho Juu ya Kofia ya Hollis

Shemeji yangu Hollis Tackett ana makovu matatu kwenye bega la kulia, karibu kabisa na shingo. Kiangazi akivua shati mtoni watu humwuliza, naye huwasimulia, na anajua kusimulia. Nimeona watu wazima wakishika mbavu. Yote anayosema ni kweli, isipokuwa pahali pamoja anaponitaja mimi. Hapo husema, "Na Ardith yuko pale ng'ambo, anaangalia upande mwingine, hana habari." Watu hucheka, nami hucheka nao.

Ardith ndiye mimi. Nilipika katika jiko la shule kwa miaka ishirini na miwili, sasa nimestaafu, na naishi peke yangu katika nyumba waliyotuachia wazazi, juu kidogo ya shamba la Hollis, huku kwetu kwenye vilima vya Ozark, katikati ya Marekani. Hollis alimwoa mdogo wangu, Junelle. Junelle hakupenda bunduki wala kuamka mapema, lakini kila Aprili msimu wa kuwinda bata mzinga ulipofunguliwa alitufungia kahawa kwenye chupa, akarudi kulala, na tuliporudi saa nne asubuhi tukakuta biskuti za moto na mchuzi mweupe wa soseji mezani. Tuliishi hivyo miaka kumi na minane.

Alikufa mwezi wa Februari. Jioni ile barabara zilikuwa barafu tupu. Wakati wa chakula alisema kifua kinambana. Hollis akampa dawa ya kiungulia, akamwambia wasubiri kupambazuke. Kulipopambazuka alikuwa ameshapoa. Hollis mwenyewe ndiye aliyenieleza, siku ya mazishi, tumesimama kwenye ukumbi wa kanisa kila mmoja na kikombe chake cha karatasi. Nilimshika mkono nikamwambia, "Hukujua, Hollis. Nani angejua." Nilisema hivyo kwa mdomo. Ndani kilibaki kitu kigumu kama kokwa ya pichi, na kila nilipomwona akipita na pikapu yake niligusa kokwa ile kwa ulimi.

Aprili ilipofika alikuja kugonga mlango wangu.

"Jumatatu wanafungua," akasema.

"Najua."

"Basi nikupitie? Au umezeeka?"

"Aliyezeeka ni yule aliyekosa dume hatua ishirini mwaka jana."

"Jua lilikuwa machoni, shemeji."

"Kulikuwa na mawingu."

Akacheka, nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu mazishi, na nikamchukia kwa kucheka.

Kwa asiyewinda, mambo yako hivi. Majira ya kuchipua dume la bata mzinga hutafuta majike. Mwindaji hujificha, akakaa chini kimya, akaiga sauti ya jike. Hollis hutumia kibao kidogo cha jiwe jeusi na kijiti. Akikwaruza hutoka sauti ambayo hata mimi, niliyekaa naye miaka yote hiyo, hunifanya nigeuke kutazama. Sauti ile inasema: niko hapa, niko peke yangu. Dume huisikia, lakini wengine pia huisikia. Mara mbili koyote, wale mbwa mwitu wadogo wa huku, walitujia mbio ulimi nje. Mwaka mmoja paka mwitu alirukia sanamu yetu ya jike, akaing'ata shingo, kisha akabaki ameduwaa na plastiki mdomoni. Hollis alimwambia, "Pole bwana, hata mimi nilidanganywa dukani." Tulicheka mpaka nyumbani.

Jumatatu ile tulifika kwenye kigongo chetu kabla jua halijachomoza. Mwaloni ambao Hollis alikuwa akiuegemea kila mwaka ulikuwa umeangushwa na dhoruba ya baridi. Akakaa chini mbele ya gogo lake, mgongo ukiliegemea, lilimfika mabegani. Mimi nilivuka njia ya zamani ya magari ya magogo nikakaa kwenye shina la msonobari, hatua ishirini na tano kutoka kwake, tukitazamana kwa pembe. Tulikuwa na sheria ya tangu zamani: kila mtu apige kushoto kwake, hakuna anayeelekeza mtutu kwa mwenzake. Sanamu hatukuileta. Shingo yake haikupona.

Kulipokucha, dume alilia kule chini bondeni. Hollis akakwaruza kibao. Dume akajibu. Wakaendelea hivyo, huyu akiita na yule akikaribia, mpaka nikasikia majani makavu yakisagwa na miguu yake upande wangu. Miwani yangu ilikuwa imeingia ukungu, kwa hiyo nikashusha kitambaa cha kujifichia uso polepole, chini ya kidevu. Nikaweka kidole kando ya kifyatulio.

Dume akanyamaza. Wakati huohuo kunguru waliokuwa wakipiga kelele juu ya kigongo nao wakanyamaza. Hollis akakwaruza tena, taratibu. Hakuna aliyejibu.

Ndipo nilipomwona. Kwanza nilidhani ni sehemu ya gogo, gamba lililobanduka. Kisha gamba likawa na masikio. Puma alikuwa ameinua kichwa nyuma ya gogo, juu kidogo ya kofia ya Hollis. Kati ya kidevu chake na kofia ile hapangepita mkono wa mtu. Alikuwa na rangi ya nyasi zilizokauka, pembeni mwa pua weusi, na nyuma yake, mbali sana kuliko nilivyotegemea mwili ungefika, niliona ncha ya mkia ikicheza.

Hapa kwetu watu husema puma hakuna. Walikwisha enzi za mababu. Mmoja mmoja hupita, husema, akitokea magharibi. Nilikuwa nimesikia hayo maisha yangu yote, na yule pale alikuwa anatazama mkono wa Hollis ukikwaruza kibao mapajani, kama paka wa nyumbani anavyotazama kidole chini ya blanketi.

Kumpiga nisingeweza. Kwa umbali ule marisau, zile chembe za risasi zinazotawanyika, yangewachukua wote wawili, yeye na kichwa cha Hollis. Hilo ndilo nimejiambia mara nyingi, na ni kweli. Lakini ningeweza kupiga juu. Ningeweza kupiga kelele. Mdomo nilikuwa nao, umefunguka kabisa, hewa inaingia na kutoka.

Hollis akakwaruza tena.

Puma akaweka miguu ya mbele juu ya gogo, mmoja halafu mwingine, bila sauti yoyote. Kisha akainua macho akaniona. Aliniona vizuri, hakushtuka. Yalikuwa macho ya rangi ya chai isiyo na maziwa. Alinitazama kama mtu anayeingia kanisani akachelewa, akakuta nafasi moja, akamtazama aliye jirani kuuliza kama ina mwenyewe.

Nami sikusema kitu.

Hofu ilikuwepo, sikatai. Lakini namfahamu Ardith, na najua kwamba chini ya ile hofu palikuwa na mahali pengine, patulivu kabisa, na mahali pale palisema: basi na asubiri. Asubiri kupambazuke.

Hollis akakwaruza. Akatulia. Akakwaruza. Sijui ulipita muda gani. Sisimizi mmoja alipanda kwenye kifundo changu cha mkono, akakizunguka, akashuka. Puma alishusha kichwa mpaka masharubu yake yakagusa ukingo wa kofia.

Hollis akaweka kijiti chini. Akasema, bila kugeuka, kwa sauti ya mtu aliyekaa jikoni kwake, "Shemeji, ile kahawa imebaki?"

Puma aliposikia sauti ya mtu alijikunja mwili mzima kama aliyemwagiwa maji ya moto. Alikuwa ameshaanza kugeuka, na katika kugeuka akapiga kofi moja tu la kucha. Nikasikia koti likichanika. Hollis akaanguka kifudifudi, kofia ikaruka, nami ndipo nikafyatua, juu, kwenye matawi, na majani machanga yakatuangukia sote wawili. Puma hakuwepo tena. Sikumwona akienda.

Nilimfunga bega kwa skafu yangu. Damu ilikuwa nyingi lakini haikuruka. Alitazama gogo, akatazama alama ya kucha kwenye gamba, akasema, "Bata mzinga wa mwaka huu wana meno." Njia nzima mpaka kwenye pikapu sikuweza kutembea nyuma yake wala mbele yake bila kugeuka kila hatua ya pili. Hospitalini wakamshona nyuzi thelathini na moja. Daktari alimwuliza ilikuwaje, na hapo ndipo nilipoisikia hadithi kwa mara ya kwanza. "Huyu shemeji yangu alikuwa anaangalia upande mwingine," akasema. Daktari akanitazama. Nikasema, "Ndiyo, sikuona kitu."

Kesho yake ofisi ya wanyamapori ilimtuma binti mmoja, mpole, mwenye buti kubwa kuliko miguu yake. Hollis alikuwa amelala na dawa, kwa hiyo nilimpeleka mimi. Alichukua nywele kwenye gogo akazitia katika bahasha, akapiga picha nyayo kwenye udongo laini wa njia. Kisha akaanza kuzifuata kinyumenyume, akiinama, na mimi nikimfuata, mpaka nikaona tunaelekea kwenye msonobari wangu.

Nyuma ya shina, upande niliokuwa nimeupa mgongo, kuvumwani laini ya kijani ilikuwa imelazwa chini. Umbo lilikuwa wazi. Kifua, mapaja, mahali mkia ulipojizungusha.

"Alianza na wewe, mama," akasema yule binti. "Alilala hapa. Muda mrefu, kwa jinsi palivyobonyea."

"Kwa nini aliniacha?"

Alitazama ng'ambo ya njia, kwenye gogo. "Wewe ulikuwa kimya. Mwenzako ndiye aliyekuwa anaita."

Akatoa daftari akaniuliza kama nilimwona mnyama akija. Nikasema hapana. Akaandika.

Mwaka ule sikumaliza siku bila kumwona yule puma. Simaanishi kwamba alikuja uani, hakuja. Nilikuwa naosha sufuria mchana kweupe, jua limejaa dirishani, na nikisugua masizi nasikia kibao cha Hollis kikikwaruzwa, na shingo yangu inaanza kungoja. Nikikaa kanisani nilichagua benchi la mwisho, mgongo ukutani. Watu waliniambia nimekonda, wakadhani ni msiba wa Junelle. Na kila chakula cha pamoja baada ya ibada kulikuwa na mtu ambaye hajaisikia hadithi, na Hollis aliombwa kuisimulia, na alipofika kwenye "Ardith yuko pale ng'ambo" nilikuwa naangalia sahani yangu nikicheka. Kilichoniandama zaidi hakikuwa meno. Ni yale macho yaliyoniuliza, na jibu lililotoka kwangu bila neno. Yule mnyama peke yake ndiye aliyejua. Niliwaza kwamba huko alikokwenda, kama bado yu hai, ananijua kuliko mtu yeyote wa bonde hili.

Machi ya mwaka uliofuata Hollis alinipigia simu. Alikuwa ameamua kutoa nguo za Junelle na hakutaka kuzigusa peke yake. Nilikwenda baada ya chakula cha mchana. Tulikaa kitandani, kila mmoja upande wake, rundo la nguo katikati, tukikunja na kutia kwenye maboksi. Bado zilikuwa na harufu yake.

Sikuwa nimepanga. Nilikuwa nimeshika gauni la maua, na nikasema, "Hollis, siku ile ya puma nilimwona."

Akaendelea kukunja. "Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Kwamba ulimwona. Ulikuwa umeshusha kitambaa. Shemeji, nimekula meza moja na wewe miaka kumi na minane, sura yako naisoma kama gazeti. Hukuwa unanitazama mimi. Ulikuwa unatazama juu ya kofia yangu, na mdomo uko wazi."

"Mbona hukuinuka?"

"Niende wapi? Sikujua ni nini. Nilidhani dubu. Nikasema moyoni, Ardith ataniambia. Nikakwaruza kibao ili kitu chenyewe kisishtuke. Nikasema, haya, sasa ataniambia." Alilaza sweta juu ya goti akanyoosha mikono ya sweta hiyo. "Nilikwaruza mara saba. Baada ya ile ya saba nikaona huniambii. Ndipo nikaulizia kahawa."

Nje mbwa wake alikuwa anakunywa maji kwenye ndoo. Nilisikia kila alipolamba.

"Na unawaambia watu nilikuwa naangalia upande mwingine."

"Ulitaka niwaambieje?"

Hollis aliinua uso kwa mara ya kwanza. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Unafikiri mimi ndiye niliyemuua Junelle," akasema.

"Nafikiri ungempeleka hospitali."

"Ningempeleka, ndiyo." Akasukuma boksi kando kwa mguu. "Ni yeye aliyesema tusubiri asubuhi, Ardith. Nilikwambia ni mimi, kwa sababu niliona ni vibaya kumsingizia maiti. Lakini aliposema hivyo nilifurahi. Nilikuwa nimeshavua viatu. Nilikaa pale nikatazama viatu vyangu nikafurahi kwamba sitavivaa tena. Hilo sijamwambia mtu."

Tulibaki hivyo na nguo za mdogo wangu katikati yetu. Nilitegemea kwamba ile kokwa ingeyeyuka, au ingezidi kuwa ngumu. Haikufanya hivi wala vile. Ilikuwepo tu, na sasa nilijua kwamba na yeye anayo yake, yenye jina langu.

"Ile sweta ya kijani ichukue wewe," akasema baadaye. "Alikuwa anasema unaitamani."

"Hainitoshi."

"Ichukue hata hivyo."

Aprili ilipofika alikuja kugonga. Alisimama kizingitini na kofia mkononi, bega moja chini kidogo kuliko jingine, ndivyo lilivyopona.

"Jumatatu wanafungua," akasema.

Ningeweza kukataa, na nadhani angeshukuru. Nikasema, "Nipitie saa kumi alfajiri."

Hatukwenda kwenye kigongo kile. Tulikwenda bonde la pili, kwenye mwaloni mnene kiasi cha kuegemewa na watu wawili, na bila kuzungumza tukakaa migongo ikikutana na shina, yeye akitazama mashariki na mimi magharibi. Nilisikia pumzi yake. Nilisikia kijiti kikigusa kibao, na nywele zikanisimama mpaka kwenye mikono. Akakwaruza mara moja. Akangoja. Akakwaruza ya pili, ya tatu. Nilikuwa nahesabu, na nilijua anajua kwamba nahesabu. Ilipofika ya sita akaacha.

Nilitazama kila kichaka cha upande wangu, kila gogo, na kila kitu cha rangi ya nyasi kavu kilikuwa na masikio. Sikujua kama ameacha kwa sababu amechoka, au anataka kuona nitafanya nini, au kuna kitu upande wake ambacho yeye anakiona na mimi sikioni. Nilifungua mdomo. Safari hii sauti ilitoka, ndogo na yenye kukwaruza.

"Hollis. Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu," akasema nyuma yangu. Kisha, baada ya muda, "Huko kwako?"

"Hakuna."

"Basi."

Dume alikuja saa mbili na nusu, upande wake. Hollis alimpiga kwa risasi moja. Alikuwa mkubwa, ndevu zake za kifuani ndefu kama mkono wangu kutoka kiwiko, na Hollis alimsifia maneno yaleyale anayowasifia wote. Akamfunga miguu akamtupia begani, lile bega zima.

Njia ya kurudi kutoka bonde la pili ni ya mtu mmoja. Wakata magogo waliifungua zamani, na tangu hapo miiba imeirudia pande zote mbili. Hollis alisimama mwanzoni mwake akanisubiri nipite. Nami nikasimama nikamsubiri yeye. Tukakaa hivyo, bata mzinga akidondosha damu kwenye majani, hakuna anayetaka kutangulia na kumpa mwenzake mgongo.

Mwishowe tukaingia pamoja, bega kwa bega, yeye ndani ya miiba ya kushoto na mimi ya kulia. Ilituchukua karibu saa nzima. Suruali yangu ilichanika magotini, na yeye alikuwa anatoka damu mikononi, lakini hakuna aliyerudi nyuma kumpisha mwenzake mpaka tulipoiona pikapu.